Tovuti Iliyopangwa kwa Ofisi: Kisa cha Huduma za Wanafunzi katika Chuo Kimoja cha Tabora

Chuo ninachokichambua hapa kipo mjini Tabora. Ni chuo cha kati, kinatoa astashahada na stashahada, na wanafunzi wake hutoka Nzega, Igunga, Urambo, Kaliua na Sikonge, pamoja na wengi wanaoshuka na treni kutoka Kigoma na Mpanda. Sitakitaja jina kwa sababu shida zake ni za vyuo vingi, na si haki kimoja kibebeshwe peke yake.

Tovuti kilikuwa nayo. Juu ya ukurasa kulikuwa na picha zinazopishana, chini yake salamu za Mkuu wa Chuo, kisha dira na dhamira, na menyu yenye maneno Kuhusu Sisi, Utawala, Idara, Taaluma, Fedha, Habari. Pembeni kulikuwa na mfumo wa taarifa za wanafunzi, wenye anwani yake nyingine kabisa, ambako mwanafunzi hujisajili, huomba namba ya malipo na huangalia matokeo. Pamoja na vyote hivyo, kila mwaka wa masomo ulipoanza foleni ya dirisha la uhasibu ilitoka nje ya jengo ikaishia chini ya miembe. Watu waliosimama humo walikuwa na simu janja mikononi, na mengi ya mambo waliyokuja kuuliza yalikuwa yamejibiwa kwenye tovuti.

Uongozi ulituita watu watatu kwa ombi fupi: tuitengeneze tovuti upya, iwe ya kisasa. Tulikubali kazi, ila tukaomba tusianze na rangi wala nembo. Nimefanya kazi hii muda wa kutosha kuamini jambo moja, na kisa hiki kililithibitisha: sehemu kubwa ya tunachokiita ugumu wa tovuti ni ugumu wa ofisi uliohamishiwa kwenye skrini. Ukimjaribisha mwanafunzi tovuti hiyo kwa uaminifu, utajikuta umeijaribu ofisi.

Dirishani na steshenari

Tulianza kwa kukaa dirishani. Mmoja wetu alikaa nyuma ya mhasibu, mwingine kwenye ofisi ya usajili, mwingine kwa mshauri wa wanafunzi, kila mtu na daftari. Kazi ilikuwa kuandika swali kama lilivyotoka mdomoni, bila kulisafisha. "Shikamoo mama, nimelipa mbona bado nadaiwa?" "Namba ya malipo imeniambia imekwisha muda." "Barua ya fildi naichukua kwa nani?" "Nimebadilisha laini, meseji za chuo haziji." "Bumu limetoka?" "Nina sapu mbili, naruhusiwa kuingia mwaka wa pili?" Fildi ni mafunzo kwa vitendo, bumu ni pesa ya mkopo wa wanafunzi, na sapu ni mtihani wa kurudia.

Hakuna aliyeuliza habari za idara wala muundo wa utawala. Swali la bumu lilitufanya tusimame kidogo. Bodi ya Mikopo ilianza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada wa baadhi ya fani katika mwaka wa masomo 2023/2024, lakini tovuti ya chuo ilikuwa haina hata sentensi moja juu ya nani anastahili kuomba na nani ndani ya chuo anashughulikia mikopo. Kwa hiyo kila mwenye swali hilo alikwenda dirisha la ada, na mhasibu wa ada hakuwa na jibu.

Kisha tukafika mahali ambapo hapakuwa kwenye mpango wetu. Wanafunzi wengi, hasa wapya, walituambia kwamba mfumo wa chuo hawajawahi kuufungua wenyewe. Wamefunguliwa steshenari. Anayeijua Tabora anajua maduka haya: kompyuta mbili au tatu, mashine ya kutoa kopi, na bango la kuombea vyuo, kuombea mikopo na kuombea ajira. Tuliomba ruhusa tukakaa katika mojawapo karibu na stendi.

Dada mwenye duka anaujua mfumo wa chuo kuliko watumishi wengi wa chuo. Anajua ukurasa upi unagoma mchana na kufunguka usiku. Anajua kwamba ukiandika namba ya mtihani wa kidato cha nne kwa herufi ndogo mfumo unakataa. Mwanafunzi akiingia, mazungumzo ni mafupi:

"Dada, naomba unifungulie akaunti yangu nitoe namba ya malipo."

"Uliombea hapa hapa?"

"Ndiyo, mwezi wa saba."

"Jina lako nani mdogo wangu?"

Anafungua daftari, anapitisha kidole, anaikuta nywila. Ni daftari nene, limejaa majina, namba za mtihani, barua pepe na nywila za vijana wa wilaya nzima. Dada huyu hana nia mbaya hata kidogo. Analitunza daftari hilo kwa sababu wateja wenyewe husahau, na bila hilo wangekwama. Lakini Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na chuo ndicho kinachokusanya taarifa hizo. Mfumo unaomlazimisha mwanafunzi kumwachia mtu baki ufunguo wake umeshindwa kazi yake ya kwanza. Kumlaumu dada hakutusaidii chochote.

Siku hiyo ndipo tulipobadilisha jibu letu kwa swali "mtumiaji ni nani?" Alikuwapo mwanafunzi mpya, mwanafunzi anayeendelea, dada wa steshenari, na mzazi anayelipa. Mzazi wengi humsahau kwa sababu haonekani chuoni. Katika mkoa huu mzazi huyo mara nyingi ni mkulima wa tumbaku au mpunga, ana simu ya kitochi, na hulipa kwa awamu baada ya mauzo, kupitia wakala wa pesa za simu. Haingii kwenye tovuti. Anapokea ujumbe kutoka kwa mtoto wake ukisema tuma kiasi fulani kwenye namba fulani, na nchi nzima imekwisha kuzoea matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii." Anasita, na ana haki ya kusita.

Kadi mezani

Maswali ya kwenye daftari tuliyaandika kwenye kadi za karatasi ngumu, swali moja kadi moja, tukawapa wanafunzi wapange yanayokwenda pamoja na kila rundo walipe jina. Njia hii ni ya zamani na haina gharama. Sijui kwa nini timu nyingi huiruka, maana muundo wa tovuti hupatikana hapo.

Chuo kilikuwa kimeweka ada chini ya Fedha, hosteli chini ya Huduma za Jamii, na bima ya afya chini ya Mshauri wa Wanafunzi, kwa sababu hizo ni ofisi tatu zenye wakuu watatu. Wanafunzi karibu wote waliziweka kadi hizo rundo moja na kuliita "vya kulipa." Barua ya fildi, kitabu cha fildi na fomu ya msimamizi vilikuwa katika idara tofauti, wao wakaviweka pamoja. Matokeo, sapu na rufaa ya mitihani vilikwenda pamoja bila ubishi.

Kadi moja iliyumba: "Nina matatizo nyumbani, nataka kusimama mwaka mmoja." Wengine waliiweka na matokeo, wengine na ada, wengine wakaiacha pembeni ya meza. Msichana mmoja aliishika muda mrefu kisha akasema, "Hii hamna pa kuiweka, hii unaongea na mtu." Tuliiandika kauli yake kama ilivyo. Nitairudia kadi hiyo mbele.

Kutokana na marundo hayo ukurasa wa kwanza ukapata milango mitano: Kuanza chuo, Kulipa, Masomo na matokeo, Fildi, Kumaliza chuo. Salamu za Mkuu wa Chuo zilihamia ukurasa wa Kuhusu Chuo, jambo lililohitaji kikao chake peke yake. Hoja iliyotusaidia kikaoni ilikuwa moja: mgeni wa heshima anayetaka kuijua historia ya chuo ana muda wa kubonyeza mara mbili, ila mwanafunzi mwenye bando la mwisho hana.

Lugha nayo ilijadiliwa. Masomo yanafundishwa kwa Kiingereza na tovuti ya awali ilikuwa ya Kiingereza. Dirishani, hata hivyo, hatukusikia swali moja la Kiingereza. Tukaandika kurasa zote za huduma kwa Kiswahili kwanza, na kitufe cha kubadilisha lugha juu kulia kwa wanaohitaji.

Mfano wa kwanza ulikuwa wa karatasi, wa pili wa simu. Tuliamua kwamba ukurasa wowote wa huduma uwe maandishi matupu kadiri inavyowezekana, bila picha kubwa wala video inayojianzisha. Kuna vipimo vinavyokubalika tangu zamani katika fani hii: jibu likija ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde mtu huliona la papo hapo; likichukua sekunde 1 bado wazo lake halikatiki; likifika sekunde 10 amekwisha kuangalia pengine. Katika mtandao wa simu, jioni ambayo hosteli nzima imewasha bando, picha zile zinazopishana zilikuwa zinapita kipimo cha mwisho kabla neno la kwanza halijaonekana.

Majaribio

Watafiti wa matumizi ya kompyuta, Jakob Nielsen na Thomas Landauer, walionyesha mwaka 1993 kwamba mtumiaji mmoja wa majaribio hufichua wastani wa asilimia 31 ya matatizo ya matumizi, na kutokana na hesabu hiyo watumiaji watano hufichua takribani asilimia 85. Watu hulinukuu hilo na kusahau sharti lake: watano hao wawe wa aina moja. Dada wa steshenari na kijana wa mwaka wa kwanza hawakwami mahali pamoja. Kwa hiyo tulihesabu watano kwa kila kundi, tukarekebisha, kisha tukaita wengine.

Vitabu husema mtumiaji afikiri kwa sauti wakati anatumia tovuti. Kwetu hilo lilikataa. Kijana aliyelelewa kumheshimu mkubwa hawezi kukaa mbele ya mtu anayemwita mwalimu akasema kitu chake ni kibovu. Anabonyeza, anakwama, anatabasamu, anasema, "Iko vizuri tu mwalimu." Ukimsisitiza anazidi kusifu. Si unafiki, ni adabu, na mpangaji wa majaribio anayeipuuza adabu hiyo atarudi nyumbani na ripoti ya sifa tupu.

Dawa tuliipata kwa kuwakalisha wawili wawili, marafiki, simu moja. Njia hii ina asili yake: mwaka 1986 Naomi Miyake, mtafiti wa Japani, alichapisha uchunguzi wa watu waliokaa wawili wawili wakijaribu kuelewa cherehani inavyoshona, na ikaonekana kwamba watu wakielezana wao kwa wao, fikra zao hutoka nje zenyewe. Tukawapa jozi ya marafiki kazi moja, kwa mfano: "Mzazi wako amepata pesa ya awamu ya kwanza na ya hosteli. Pateni atakachohitaji ili alipe leo." Kisha tukanyamaza. Simu ilikuwa ya mmoja wao, si yetu, na bando tuliwanunulia ili hesabu ya megabaiti isiwasumbue. Walikaa nje, si maabara, kwa sababu ndiko wanakotumia simu.

Vijana wawili wakiwa na mfano wetu wa mwanzo, ambao bado ulikuwa na neno Fedha kwenye menyu:

"Bonyeza hapo kwenye Fedha."

"Fedha ya nini? Mimi nalipa hosteli."

"Sasa hosteli si fedha?"

"Fedha ni wahasibu bwana, utaona mabajeti yao. Rudi nyuma."

Hojaji yoyote isingetupa hayo. Mwanafunzi alilielewa neno vizuri sana, akajua ni mlango wa watumishi, akaukwepa. Likawa "Kulipa" na halikusumbua tena.

Alama ya mistari mitatu inayoficha menyu kwenye simu haikuonwa na wengi. Waliiona kama pambo. Tukaiondoa, milango mitano ikakaa wazi ukurasani.

Namba ya mtihani wa kidato cha nne ilikuwa kisa peke yake. Namba hizo huandikwa kwa mtindo wa S0123/0045/2020, na kwenye kibodi ya simu mkwaju, yaani alama ya /, umejificha kwenye ukurasa wa alama. Jozi baada ya jozi waliandika nafasi, nukta, kistari, wengine wakaacha mwaka. Mfumo ulijibu kwa Kiingereza chekundu kwamba muundo si sahihi, bila kusema upi ni sahihi. Mwanafunzi akidhani hana haki ya kujiunga huondoka kimya, na chuo hakitajua kamwe kwamba alikuja. Suluhisho lilikuwa jepesi kwa fundi: visanduku vitatu vilivyokwisha kutenganishwa, kibodi ya namba ifunguke yenyewe penye tarakimu tupu, herufi ndogo au kubwa zikubalike sawa. Vivyo hivyo namba ya simu: aanzaye na 0 na aanzaye na 255 wote wapokelewe, kazi ya kupanga tarakimu ifanywe na kompyuta.

Kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, lilikuwa la saa. Tangazo la usajili lilisema dirisha la kufanya marekebisho linafungwa Ijumaa 10:00. Tuliwauliza wanafunzi wana muda hadi lini. Wengi walijibu saa kumi jioni. Ofisi ilimaanisha saa nne asubuhi. Hapa hapakuwa na uzembe wa yeyote. Mtu anayehesabu saa kwa Kiswahili na anayesoma saa ya simu wanasimama mbali kwa saa sita, na mwaka uliotangulia kulikuwa na vijana waliofika ofisini mchana wakakuta majina yamekwisha kupelekwa. Waliandikwa wachelewaji. Baada ya jaribio hilo tuliweka kanuni kwamba muda wowote kwenye tovuti uandikwe kwa maneno, saa 4 asubuhi, saa 10 jioni, pamoja na jina la siku. Ningependa kila ofisi ya umma Tanzania ifanye hivyo, maana gharama yake ni kuandika neno moja zaidi.

Maelekezo ya kujiunga yalikuwa faili la PDF lililoskanwa, zito, kurasa nyingine zimelala ubavu. Dada wa steshenari alikuwa akiyachapa na kuyauza kwa karatasi. Tuliyageuza ukurasa wa kawaida wa kusoma, na chini yake toleo jepesi la kupakua kwa anayetaka kuchapa. Dada hakukosa biashara. Wazazi bado wanataka karatasi.

Jua la Tabora nalo lilitoa hukumu yake. Maandishi ya kijivu juu ya nyeupe yalipendeza ndani, yakatoweka chini ya mwembe saa saba mchana. Miongozo ya kimataifa ya upatikanaji wa tovuti, WCAG, inataka uwiano wa utofauti wa rangi usiopungua 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Kipimo hicho kiliwekwa kwa kuwafikiria wenye uoni hafifu, lakini kwetu kilimsaidia kila mtu aliyekaa nje.

Mwishoni mwa kila kikao tuliwapa hojaji ya SUS ya kupima urahisi wa kutumia mfumo, ile ya maswali 10 iliyobuniwa na John Brooke mwaka 1986. Alama zake huenda 0 hadi 100, na wastani unaotajwa sana ni 68. Alama zetu zilikuja juu tangu duru ya kwanza, hata kutoka kwa waliokuwa wameshindwa kabisa kupata namba ya malipo dakika chache nyuma. Katika hojaji hiyo kauli moja husifu na inayofuata hulaumu; mwenye haraka huzijibu zote kama za kusifu, alama zake zikaishia katikati, na mwenye adabu huona vibaya kulaumu, zake zikapanda. Niliziandika alama kwenye ripoti kwa sababu ziliombwa. Maamuzi yote tuliyafanya kwa kuangalia kazi iliyokamilika na mahali kidole kilipokwama.

Pale tovuti ilipoishia na ofisi ikaanza

Duru ya pili jozi nyingi zilipata namba ya malipo bila msaada. Tukawapeleka mbele: sasa mmelipa, hakikisheni chuo kimepokea. Wakafungua ukurasa, wakaona maneno "Inasubiri uhakiki."

"Haijaingia."

"Imeingia, si wamesema inasubiri?"

"Inasubiri nini sasa? Kesho twende dirishani na risiti."

Hapo tulijua foleni inatoka wapi. Tuliweza kuandika sentensi nzuri zaidi, lakini sentensi isingekuwa ya kweli. Tulikwenda kumuuliza mhasibu uhakiki huo ni upi. Mama yule alitueleza kwa subira: mwanafunzi huleta risiti aliyoichapa, yeye huilinganisha na orodha, huigonga muhuri, ndipo jina huruhusiwa kwenye usajili. Tukamuuliza orodha huipata wapi. Akasema huja yenyewe kwenye mfumo.

Vyuo vya umma hutumia mfumo wa malipo ya serikali, GePG, na faida yake kubwa ni kwamba taarifa ya malipo humfikia mpokeaji moja kwa moja, ikiwa na namba ileile ya malipo aliyopewa mlipaji. Mhasibu alikuwa tayari na ushahidi wenye nguvu kuliko karatasi anayoletewa. Muhuri ulibaki tangu enzi za hati za benki za kuandikwa kwa mkono, na hakuna aliyewahi kutoa agizo la kuufuta. Yeye mwenyewe alikuwa akiogopa ukaguzi: mkaguzi akiuliza risiti yenye muhuri iko wapi, atasema nini?

Hofu hiyo ilikuwa halali, kwa hiyo hatukuizunguka. Kwa idhini ya wanafunzi husika, tuliuonyesha uongozi kipande cha video cha vijana wawili wakisoma "Inasubiri uhakiki" na kuamua kwenda dirishani. Tukaweka mezani hoja ya mhasibu pamoja na yetu. Mkuu wa Chuo akaagiza kwa maandishi kwamba taarifa iliyoingia kwenye mfumo inatosha, risiti iletwe tu pale malipo yasipoonekana. Barua hiyo ya ukurasa mmoja ilipunguza foleni kuliko kazi yote ya rangi na vitufe. Ukurasa sasa unasema: malipo yako yamepokelewa, kiasi hiki, tarehe hii, huna haja ya kuja ofisini. Na chini yake: kama umelipa na huoni hapa, fanya hivi.

Nywila nayo ilihitaji uamuzi wa ofisi. Mfumo ulituma kiungo cha kubadilisha nywila kwenye barua pepe ambayo mwanafunzi hakuifungua mwenyewe na hajui nywila yake pia. Tukahamishia kwenye ujumbe wa simu. Lakini wanafunzi hubadilisha laini, hivyo ikabidi ofisi ya usajili ikubali kubadilisha namba ya simu ya mwanafunzi kwa kitambulisho tu, bila barua kutoka kwa mzazi. Kwa dada wa steshenari tulitengeneza njia ya kumsaidia mteja bila nywila: anaandika namba ya usajili, ujumbe wenye tarakimu za muda unakwenda kwenye simu ya mwanafunzi, naye mwanafunzi anamsomea. Daftari lile sasa halifunguliwi kwa wanafunzi wapya. Dada huyo ndiye tunayemwita kwanza tukibadilisha ukurasa wowote, na analipwa kwa muda wake kama mshauri mwingine.

Kwa mzazi tulifanya jambo dogo. Namba ya malipo ikitolewa, mwanafunzi anaweza kuomba chuo chenyewe kiutume ujumbe kwa mzazi, kwa jina la chuo badala ya namba ya mtu: jina la mwanafunzi, kiasi, kinacholipiwa, namba ya malipo, na simu ya ofisi ya kuhakikisha. Tulipowajaribisha wazazi kadhaa siku ya mahafali, mmoja aliusoma, akapiga simu ya ofisi hapohapo mbele yetu kuona kama itapokelewa. Ilipokelewa. Akasema, "Sawa, hii nitalipa."

Yaliyobaki

Kila ukurasa sasa una mtu mwenye jina la cheo anayewajibika nao, na tarehe ulipohakikiwa mara ya mwisho. Ukurasa wa ada wenye tarehe ya mwaka juzi ni hatari kuliko kutokuwa na ukurasa. Usimamizi huu ndio utakaoamua kama kazi itadumu, na bado sijashawishika: idara mbili zimekwisha kuacha tarehe zipite.

Wanafunzi wasioona hatujawajaribisha vya kutosha. Tuligundua mapema kwamba kisoma skrini cha simu kilikuwa kinasoma Kiswahili chetu kwa matamshi ya Kiingereza, kwa sababu lugha ya ukurasa ilikuwa imetajwa vibaya ndani ya msimbo. Kurekebisha ni herufi mbili, "sw" badala ya "en". Baada ya hapo sauti ilieleweka, lakini fomu ya usajili bado inamchanganya asiyeona kwenye visanduku vile vitatu vya namba ya mtihani tulivyojivunia, na duru ijayo inaanza hapo.

Halafu ile kadi iliyokosa rundo. Tumeandika ukurasa unaoitwa "Nikikwama": namna ya kuahirisha masomo na kurudi, kinachotokea ukiwa na sapu, ukidisko, yaani ukiondolewa masomoni kwa kufeli, una njia gani, ukiwa mjamzito haki zako ni zipi, na namba ya mshauri wa wanafunzi anayepokea simu, kwa sababu msichana yule alisema hii unaongea na mtu. Baadhi ya wajumbe wa kamati wanaona ukurasa huo utakitia chuo aibu mbele ya waombaji wapya. Sikubaliani nao. Mshauri wa wanafunzi ametupa orodha ya mambo yanayowaondoa vijana chuoni bila kuaga, na karibu kila moja lina utaratibu halali ambao kijana hakuujua. Ukurasa uko tayari, umejaribiwa na jozi za wanafunzi kama zile nyingine, na upo kwenye ajenda ya kikao kijacho cha kamati ya taaluma.